Nilikabidhiwa Mabinti wa Watu, Nikashushwa Basini

Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu mtaani kwetu ukurasa huu unasomwa na kila mtu, na kazini vilevile. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Ni karani katika shule moja ya msingi ya kibinafsi upande wa Ganjoni. Baba alipata kiharusi, hafanyi kazi tena, na mshahara wangu ndio unaotulisha sote. Nayasema haya mapema ili msinihukumu kabla ya kunisikiliza.

Muhula huu shule iliandaa kambi ya Gredi ya Sita, msituni upande wa Kwale. Wavulana walijiandikisha upesi. Wasichana wa kwetu, hakuna hata mmoja. Mnajua wenyewe desturi yetu: mtoto wa kike halali nje bila mwanamke anayejulikana na mamake, na barua ya shule haimtulizi mtu. Mwalimu wao wa kike yuko likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Wewe ni mtoto wa huko. Zungumza na hao kina mama, waambie utakuwa nao mwenyewe." Basi nikawa napita nyumba moja baada ya nyingine kila siku baada ya alasiri, naandaliwa kahawa na visheti, naahidi.

Aliyekuwa mgumu ni mama nitakayemwita Bi Zuhura, aliyesoma chuo cha Kurani na mamangu. "Kambi! Kwani kwangu hamna vitanda?" akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Hiyo skuli mimi siijui. Nakujua weye, na mamako namjua. Utalala na binti yangu chumba kimoja?"

"Nitalala naye, Bi Zuhura."

Asubuhi ya safari alimleta bintiye hadi getini. Nitamwita Salma. Akaushika mkono wa mwanawe, akautia ndani ya mkono wangu. "Huyu ni amana yako, mbele ya Mungu." Akaenda zake bila kugeuka, kama mtu aliyeridhika. Na kina mama wengine wakafanya vivyo hivyo.

Walipokwisha kuondoka, nami nimeshaketi karibu na Salma, mwalimu mkuu akaingia basini na mpwawe mwenye kamera. Viti vimejaa. Wavulana nyuma walikuwa wakiimba na kupiga makofi, basi akaniinamia na kuninong'oneza huku akitabasamu: "Shuka, huyu akae. Twahitaji video ya ukurasa wa shule." Nikamjibu kwa adabu kwamba nimewaahidi wazazi. "Wewe ni karani. Huko msituni utakwenda kupiga mihuri?" Nilipoinuka, Salma alinishika buibui. Nikamtoa vidole polepole, nikashuka. Nyuma yangu nikamsikia mwalimu mkuu akiwatangazia watoto: "Bi Karani anaumwa, jamani. Mwombeeni."

Simu nilikuwa nayo. Sikumpigia mzazi yeyote. Niliogopa, nikajiambia watarudi salama tu.

Kule kambini Salma akapata hedhi yake ya kwanza. Walimu waliokwenda wote ni wanaume. Mtoto alijifunga sweta kiunoni akakaa kando, akakataa kupanda kamba na kuvuka mto. Mwalimu wa michezo akamfokea mbele ya wenzake: "Haya, mtazameni Malkia, anangoja abebwe!" Wakamcheka mpaka siku ya kurudi. Huko hakumwambia mtu, mpaka alipofika nyumbani kwa mamake. Sasa hataki kuiona shule. Na ile video imetoka. Ndani yake Salma yuko pembeni na sweta lake, na maandishi chini yake yanasema watoto wako katika mikono salama.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Bi Zuhura aliitikia salamu yangu kwa kuwa ni wajibu. Alikuwa anajua yote, Salma amemweleza. Akaniuliza neno moja tu: "Hata simu, mwanangu? Hata simu?" Nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikatoka. Mamangu naye tangu siku ile hanisemeshi ila kwa haja.

Jumamosi hii kuna mkutano wa wazazi, maana Bi Zuhura amelalamika. Mwalimu mkuu ameniambia nisimame niseme niliumwa na tumbo nikashuka kwa hiari yangu, tena nianze kupita majumbani kwa ajili ya kambi ya Gredi ya Tano. "Ukiona vigumu, makarani wamejaa Mombasa." Nikifukuzwa, dawa za baba sijui zitatoka wapi.

Lakini uongo huo wa tumbo hautanigusa mimi peke yangu. Watoto wengine wote waliamini kwamba naumwa, na mama zao pia. Aliyesikia nikiambiwa nishuke ni Salma tu, na tayari wenzake wanamwita mwongo, eti anatunga visa kwa sababu ya aibu ya kambini. Mamake atamleta mkutanoni. Nikisema niliumwa, nitakuwa nimethibitisha mbele ya mtaa mzima kwamba mtoto yule ni mwongo, naye atakuwa amekaa pale ananitazama.

Ndugu zangu, hasa mliowahi kufika njia panda kama hii, nipeni shauri. Jumamosi nikiitwa mbele, niseme nini?