Mchi Haupigi Mtu

Héritière alifika Johannesburg mwaka 2017 akitokea Uvira, akaweka sanduku lake chini ya dirisha la chumba changu pale Bertrams, na kwa miaka miwili na nusu hakutoa nguo zote ndani yake hata siku moja. Asubuhi alichomoa nguo ya siku hiyo, akaifua, ikikauka akairudisha sandukuni kana kwamba basi linamngoja nje. Ni mtoto wa dada yangu. Alikuja kusomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja cha mjini, na mimi, Hélène msusi, niliahidi kumlea. Sikujua nimeahidi kulea machozi.

Alilia kwa sababu ya baridi ya Juni. Alilia kwa sababu mkate wa huku una sukari. Mama yake akiwa sokoni anauza, yeye alibaki na simu sikioni bila kuongea, asikie tu makelele ya kwao. Watu wazima wanaolia hunichosha. Mimi nilifika hapa na watoto wawili, ambao sasa wana nyumba zao, na mguu uliovimba, nikalia Jumapili moja, Jumatatu nikaanza kusuka.

Kitu kimoja tu kilimtuliza: kutwanga sombe, majani ya muhogo. Uani tulikuwa na kinu, na mchi wa mti mgumu alionitumia mama yangu, bibi yake, ambaye yeye humwita Koko. Hamu ya nyumbani ikimshika, alitwanga mpaka jasho limtoke. MaKhumalo, mama wa Kizulu aliyepanga chumba cha nyuma, aligonga ukuta kwa kandambili hadi akachoka mwenyewe.

Mchi ule ulikuja na mwiko wake. Mama yangu alitulea na neno hilo: mchi haupigi mtu. Atakayempiga mtu kwa mchi, atakula ugenini mpaka kufa kwake.

Septemba 2019 wenyeji walianza tena kuchoma maduka ya wageni. Héritière alikuwa amebakiza mtihani wa Novemba tu, lakini alikwenda akanunua tiketi ya basi la Lubumbashi, la Alhamisi.

"Miezi mbili tu, Héri," nikamwambia. "Mama yako aliuza shamba juu ya masomo yako."

"Tantine, nimechoka. Hapa si kwetu."

Jumatatu mchana moshi ulipanda upande wa Jeppestown. Nilifunga geti, nikashusha mapazia ya saluni yangu ya chumba cha mbele, tukawa tunanong'ona. Kisha nikasikia kinu.

"Acha leo," nikamwambia.

"Kidogo tu, Tantine. Ni ya mwisho."

Nikamwacha. Huo ulikuwa upumbavu wangu, naukiri. Mtaa mzima unajua kwamba panaposikika kinu, hapo kuna Wakongomani. Tulijifungia ndani huku tukijitangaza.

Walikuja kama kumi na watano, na rungu na vyuma. Geti liling'oka kwa teke la tatu. Vioo vya saluni vilipasuka, kiti cha kusukia kikaruka barabarani. Mwanaume mmoja mwenye kofia nyekundu alinishika nywele akaniburuta juu ya vioo hadi uani. Nilimwomba kwa Kizulu, akanipiga kwa bomba la chuma. Mkono wangu ulivunjika, niliusikia. Pigo la pili lilinipasua kichwa, damu ikanijaa machoni. Akainua tena lile bomba, na nikajua hili ndilo la kuniua.

Héritière alisimama kando ya kinu, mchi mikononi, majani bado yameganda kwenye ncha. Nilimwona anasita. Nilijua anachofikiri, maana naye amelelewa na neno lile lile la mama yangu.

Akampiga yule mwanaume begani. Mfupa ulilia. Akampiga taya, meno yakamwagika. Yule alikuwa tayari yuko chini alipompiga mara ya tatu, kwenye mbavu, kwa nguvu ya kutwanga, huku akipiga kelele: "Toka kwetu! Toka kwetu!"

Niliogopa, na nilifurahi. Sitadanganya.

Risasi za mpira za polisi zilianza kulia barabarani. Wenzake walimbeba wakakimbia. MaKhumalo alitoka, akanifunga kichwa kwa kilemba chake, akatuingiza chumbani kwake na kuketi mlangoni na sufuria ya maji yanayochemka.

Nilishonwa nyuzi kumi na moja. Jumatano nilimkuta Héritière ameketi kitandani, sanduku wazi mbele yake.

"Tantine, ile neno ya Koko ni ya kweli?"

Ningeweza kumdanganya. "Mimi sijawahi kumpiga mtu na mchi," nikasema, "na angalia, niko hapa miaka kumi na nne."

Alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaomba nyundo na misumari, akazitundika nguo zote ukutani, moja moja, mpaka sanduku likabaki tupu. Alhamisi basi liliondoka. Jumamosi MaKhumalo alileta mchi aliokuwa ameuosha damu, akauliza mbona hatutwangi, kimya kinamtisha.

Mtihani aliufanya, akafaulu. Siku majibu yalipotoka alimpigia mama yake, simu akaiweka mezani nami nisikie.

"Sasa utarudia huku nyumbani lini, mwanangu?" dada yangu akauliza.

Héritière alitazama nguo zake ukutani.

"Nitakuya kuwasalimia, mama," akasema.