Viazi vya Mlimani Nyasura

Juzi nilienda Bweri, pale Musoma, kuiona nyumba mpya ya binti yangu. Nyuma, kando ya bomba, mmea ulikuwa umetambaa kwenye waya wa uzio, na maua yake, mekundu yenye njano, yamepinda kwenda juu kama ndimi za moto. "Mama, si mazuri?" akaniuliza. Nikamwambia aung'oe, leo hii, na mizizi yake. Akanishangaa. Sikumweleza. Acha nikueleze wewe.

Nilikuwa darasa la tano, tunakaa Nyasura, pale Bunda. Shuleni tulikuwaga na klabu ya mazingira. Kila mwaka mvua kubwa zikitulia, mwalimu wa sayansi alitupandisha mlimani kuangalia maua, na kila mtoto alibeba chakula cha kuchangia. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, dagaa wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi. Vyote vinamwagwa kwenye sinia moja juu ya jabali, tunakula huku upepo wa ziwani unatupiga usoni.

Mwaka ule kwetu hakukuwa na kitu. Pamba ilikuwa imeharibika. Bibi aliniambia, "Nenda tu, mjukuu wangu, useme umesahau." Niliona aibu. Kwa hiyo tulipofika juu, wenzetu wakimsikiliza mwalimu, nilimvuta jirani yangu wa nyumbani, tuliyekaa naye pia dawati moja. Chini ya yale maua ya moto nilifukua kwa kijiti, nikapata viazi vyembamba, vyeupe ndani. Nilifurahi, rafiki yangu! Nikajua nimepata mchango.

Tulivichoma nyuma ya jabali. Mimi nachochea, yeye akaonja cha kwanza. Akakunja uso. "Kichungu kidogo," akasema, akamaliza.

Ndipo mwalimu akatokea. Aliyaona maua yaliyotupwa chini, akaona moto, akavipiga teke viazi vyote. Sijawahi kumwona mtu mzima ameogopa vile.

"Kuna aliyekula?"

Jirani yangu akanitazama. Mimi niliogopa fimbo. Nikatikisa kichwa, kidogo tu, yeye peke yake akaona.

"Hakuna, mwalimu," akajibu.

Tukala vya kwenye sinia, tukaimba, tukateremka. Njiani nilimwangalia kila baada ya hatua. Alikuwa anacheka. Nikaanza kuamini kwamba hakuna kitakachotokea. Jua linaelekea kuzama nikamsikia kwao akitapika, akinyamaza, akitapika tena. Mama yake alikuwa akisema ni dagaa. Nilisimama kwenye uzio wa minyaa, mdomo haufunguki. Bibi ndiye aliyeniona. Alinishika mabega, "Mmekula nini huko?" Nikasema. Alikimbia bila viatu hadi kwao. Baba wa jirani yangu alimfunga mwanawe na kanga mgongoni mwa mjomba wake, wakampeleka hospitali kwa baiskeli.

Hakufa. Alilala huko siku nyingi, na aliporudi nywele zilikuwa zinamtoka kwa mafungu, zikibaki kwenye mkeka. Wazazi wake wakaamua kumpeleka kwa babu yake, kisiwani Rukuba, akapate samaki na hewa. Asubuhi ya safari nilienda kumuaga. Alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa kichwani, mikono imebaki mifupa. Nikaanza, "Siku ile mimi…"

"Nyamaza," akasema taratibu. "Si ulinyamaza? Basi nyamaza na leo."

Hakumwambia mtu kwamba nilitikisa kichwa.

Mwalimu alihamishwa kabla muhula haujaisha, watu wakimsema kwa kosa ambalo halikuwa lake. Klabu ikafa. Bibi naye ameshatangulia. Kule juu sasa kuna nyumba za bati na watoto ambao hawajui jina la ua hata moja. Waliojua ya siku ile wameisha, isipokuwa mmoja, yule jirani yangu. Nasikia anauza sato mwaloni Musoma, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ana wajukuu, anacheka sana. Mimi nikifika mjini, samaki nanunua kwingine.