Kuni Nilizompelekea Mchoma Matofali

Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa sokoni Kyela nachagua samaki aina ya mbasa: mchoma matofali wa Makwale amefariki usingizini. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mwepesi wa machozi, lakini siku ile nililia mbele ya muuza samaki. Kisha nikafanya kile ambacho mtu aliyekaa huku miaka mingi hufanya bila kufikiri. Msibani huku mtu haendi mikono mitupu. Mmoja hubeba mkungu wa ndizi, mwingine mchele, na anayeweza kupata gari hupeleka kuni, kwa kuwa watu watalala pale siku kadhaa na lazima wale. Nikakodi pikapu, nikaijaza magogo yaliyokatwa juzi tu, nikashika njia ya Makwale huku nikijiona muungwana.

Kabla sijafika huko, niwaeleze alikuwa nani. Nilikutana naye nilipotaka kujenga, mimi mtu wa Singida niliyeletwa Kyela na barua ya uhamisho na nikakataa kuondoka. Alisifika kwa matofali magumu, lakini mwaka ule alikuwa ameapa kutokata tena mti kwa ajili ya tanuru. Mafuriko yalikuwa yamemega shamba lake la mpunga, na majirani waliposema huo ni mwaka mbaya, yeye aliwapeleka ukingoni mwa mto akawaonyesha visiki. "Miti hii iliyokuwa inashika udongo nimeikata mimi," aliwaambia. "Mto mnausingizia bure." Sasa alitaka kuchomea pumba za mpunga, zile zinazorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa hadi mtu anazitia moto ziishe. Wenzake walimcheka, wakamwita mbanika mahindi.

Tanuru la kwanza la pumba lilikuwa la matofali yangu, na liliharibika. Alizishindilia pumba mno, hewa ikakosa pa kupita. Matofali ya nje yakaiva, ya ndani yakabaki udongo. Angeweza kunichanganyia mabichi na yaliyoiva nisijue. Badala yake aliniita, akavunja tofali mbele yangu, akanionyesha lilivyokuwa bichi katikati. Nilikasirika, sifichi. Mvua zilikuwa zinakaribia na mafundi wangu wananisubiri. Nikamwambia nahamia kwa mchomaji wa Talatala anayetumia magogo kama watu wengine. Nikaongeza na hotuba, maana sisi watu wa ofisini hatukosi hotuba: joto hili na mvua hizi zinazokuja zinavyotaka zimeletwa na viwanda vya mataifa makubwa, na malori yanayonguruma kutwa kwenye foleni pale mpakani Kasumulu yanatoa moshi kuliko matanuru yote ya Kyela, sasa kitanuru chake kimoja kitabadilisha nini?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, "Baba, viwanda sina. Tanuru ninalo."

Akaniomba tanuru moja zaidi, akikiri kwamba nikiondoka na mimi, hakuna mteja mwingine atakayemjia na itabidi arudie shoka au aache kazi. Nilimpa, kwa shingo upande. Safari hii aliacha matundu ya hewa, akachanganya pumba kidogo na udongo wenyewe, akakaa na moto ule siku nne bila kuuacha. Alipoligonga tofali la kwanza, lililia vizuri, naye akacheka hadi akakaa chini. Nyumba ninayoandikia safu hii imejengwa kwa matofali hayo. Leo ukipita Makwale utakuta wachomaji wakigombea pumba mashineni, wakiwemo waliomcheka, na pale ukingoni matete na miti michanga vimeshika udongo.

Sasa turudi msibani. Pikapu ilipoingia uani dereva akapiga honi, na watu wakageuka kutazama magogo yangu. Pembeni ya migomba niliona akina mama wamezunguka majiko makubwa ya matofali, sufuria za wali zikichemka juu ya pumba. Hapakuwa na ukuni hata mmoja. Mimi, ambaye nyumba yangu imechomwa kwa pumba zake, nimemletea magogo: nilitamani ardhi inimeze. Mjane alinijia, macho mekundu, akanishika mikono. "Ndaga fijo, asante sana, baba, kwa kuja," alisema. "Mwenyewe aliagiza mti usikatwe kwa ajili ya msiba wake. Akasema atakayeleta kuni ni wewe." Nikacheka na kulia kwa pamoja, naye pia. Nikamuuliza nizipeleke wapi. "Zirudishe kwako uzianike. Zimeshakatwa, usizitupe. Ila zikiisha, zisifuatwe nyingine."

Magogo yale yamepangwa nyuma ya jiko langu, na mke wangu huyatumia kwa kubana kama sukari ya mwisho wa mwezi. Juzi nimemwita mmoja wa vijana waliofundishwa kazi na marehemu, akanijengea jiko la pumba, la ukubwa wa familia. Siku ya kwanza lilinitoa machozi kwa moshi kwa sababu nilizishindilia mno, kosa lilelile, na nikamsikia kabisa marehemu anavyonicheka. Bado naamini mataifa makubwa yana deni kwetu kwa mvua hizi, na nitaendelea kuyasema hapa. Ila sasa nikishayasema naamka, nakwenda mashineni na gunia langu. Viwanda sina. Jiko ninalo.