Mikaratusi ya Mama Kando ya Mto

Mto wetu una maisha mawili. Huku Kangemi unapita nyuma ya vyumba vyetu ukibeba nepi na viatu vya mguu mmoja. Ukishaingia kwenye msitu uliohifadhiwa, upande wa Kitisuru, unajifanya hatujuani: maji yanaruka mawe, kima wanakunywa, na mlinzi anakukataza hata kutema mate.

Klabu yetu ya shule huenda huko Jumamosi kupanda miti. Mimi nilikuwa nimebakisha nafasi moja tu. Niliwahi kuwaambia Form One kuna mamba chini ya maporomoko, wakatoroka hadi barabarani. Mwalimu akaapa, "Ukirudia, Jumamosi zako utazimalizia darasani." Na mimi naupenda ule mto, ingawa siwezi kusema hivyo mbele ya watu.

Basi nikaamua kuwa mtakatifu. Mama ameotesha miche mlangoni, kwenye paketi za maziwa. Akanichagulia mizuri, nikaibeba kama keki ya harusi.

Mwalimu alipoiona akashika kiuno. "Mikaratusi? Kando ya mto? Wewe kijana huchoki?"

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Mwalimu, haki leo si mzaha!"

Nani angeniamini? Nikamsihi ampigie Mama. Akaweka simu kwa spika.

"Amefanya nini tena huyo?" Mama akauliza hata kabla ya salamu. Kisha, "Mwalimu, nimewapatia ile imenyooka kabisa. Kwetu magharibi, boma bila mikaratusi ni boma gani? Utajengea nini?"

Mwalimu akacheka mpaka akakaa kwenye kisiki. Akatuambia hicho kisiki ni cha mkaratusi. Wakoloni walikata miti ya asili hapa, wakapanda mikaratusi ya kuchoma kwenye garimoshi, nayo ikanywa chemchemi zikakauka. Sasa inakatwa, mikuyu inarudishwa. Kando ya kiatu chake udongo ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Umebaki kwenye klabu," akaniambia. "Ng'oa machipukizi yote ya hiki kisiki. Na Jumamosi ijayo uje na mama yako, atufundishe kuotesha."

Jioni nikamweleza Mama habari za mikuyu.

"Inanyooka?"

"Hata kidogo."

Akaguna, lakini tayari alikuwa anasuuza paketi za maziwa.