Nge Asiyeulizwa Kwao

Kila mavuno yanapofika, mwanangu, hunijia siku moja ambayo mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alishika kopo akalielekeza juani.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mama kijana. Msimu wa mpunga tulihama kijijini Lumemo tukaishi dunguni, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga dhidi ya ndege, katikati ya mashamba ya Namawala: mimi, mume wangu Kasiani, na mtoto wetu Agripina, aliyekuwa hajaanza hata kutambaa.

Kasiani aliwahi kuumwa na nge mweusi, mkubwa. Akapaka majivu, na jioni ile ile akarudi kukata mpunga. Tangu hapo akajiona fundi wa nge. Basi alipomkuta mwingine kwenye kuni, mwembamba, wa rangi ya majani makavu, alimtia kwenye kopo la maziwa, akatoboa matundu kwa msumari ili apumue, akawa anamlisha panzi. Kopo likakaa juu dunguni, karibu na tulipolala. Wavunaji walikuja kumtazama, na mume wangu alipenda sana kuzungukwa na watu. Mwanzoni niliogopa. Lakini mazoea yana tabu. Haikupita muda nami nikawa namtafutia panzi.

Mama mkwe alikuja kutoka kijiji cha Mbingu kutusaidia kuvuna. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akaonyeshwa mgeni wetu.

"Kwao wapi?" akauliza.

Kasiani akacheka. "Mama, nge ni nge tu. Mimi wameshaniuma."

"Aliyekuuma ni yule mweusi. Mtu akibisha hodi hapa unamuuliza kwao na ukoo wake ndipo unampa mkeka. Huyu umempa nyumba na chakula, na humjui hata jina."

Tuliyaona ni maneno ya kizee. Siku chache baadaye nge akazaa. Watoto weupe walijazana mgongoni kwake, nami, niliyekuwa na wangu mgongoni, nikamwonea huruma kabisa. Kisha asubuhi moja mgongo ule ukawa mtupu. Kasiani akasema amewala.

Mama mkwe akalichukua kopo, akalielekeza juani, akatazama mwanga ulivyopenya.

"Haya matundu ulimpimia nani, mama au watoto?"

Agripina alikuwa amelala kule juu. Sijui nilipandaje ngazi. Nilimnyanyua, nikamshusha kwa bibi yake, nikarudi kukung'uta nguo zake moja moja. Kwenye kanga ya kumfunikia kikatoka kitu kisichozidi punje ya mpunga, kikanidunga kidole. Mkono uliwaka hadi begani, ulimi ukawa mzito, jasho likanitiririka. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilikuwa nikiusema msemo huo bila kuufikiria.

Kasiani alinipakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Mganga akauliza, "Nge wa aina gani?" Mume wangu, ambaye hakukosa maneno kwa mvunaji yeyote, akaweza tu kusema ni wa rangi ya majani makavu. Nami nililala pale nikiwaza kwamba kanga ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mtoto.

Nilipona. Dunguni sikurudi msimu ule. Ndege wakala sehemu kubwa ya mpunga wetu, wala sikuulilia.

Nasikia vijana wa leo mnafuga nge kwenye chupa mpate kuwapiga picha. Sikukatazi kupenda viumbe, mwanangu. Ila usimlaze nyumbani mwako usiyemjua. Kutokukuuma jana si ushahidi kwamba hana sumu, na upole wa nge wa kwanza haumhusu wa pili. Kuuliza si ujinga. Ukikosa wa kukujibu, usimguse, mwache huko huko alikokuwa. Na kumbuka kwamba wanaolala kando ya kopo lako hawakuchagua kulala hapo.

Agripina ana watoto wake sasa. Kila asubuhi hukung'uta nguo zao kabla ya kuwavisha, akidhani nilimfundisha usafi. Mungu akulindie na wako, mwanangu, na akujalie kuuliza mapema kuliko tulivyouliza sisi.