Wageni wa Angani na Kadi ya Mama Riziki

Petroli ya jenereta ikinuka popote, hata leo hapa Mwandiga, nakuwa na miaka saba tena, nimekaa mkekani kwenye kibanda cha Hamisi.

Hamisi alitoka Ujiji na televisheni yake, akawa anatuonyesha wakimbizi filamu za zamani pale kambini, huku akitafsiri kwa sauti iliyoishinda jenereta. Siku moja, kwenye filamu, wageni wenye mavazi meupe walishuka kutoka angani kuwapima binadamu. Kila mtu aliulizwa swali moja. Aliyedanganya aliwaka, vikabaki viatu na majivu.

"Na huku wanakuja," Hamisi akatania. "Jiandaeni."

Wakubwa walicheka. Mimi nilijikojolea.

Wiki hiyohiyo ikafika siku ya kuhesabiwa. Kambini tuliazimana watoto kama watu wanavyoazimana sufuria: kadi ya chakula ikisema wanne, wanne waonekane, la sivyo mgao unakatwa. Jirani yetu Mama Riziki, tuliyevuka naye ziwa, alikuwa amemzika Riziki wake mvua zilipoanza. Walikuwa wamebaki yeye na watoto wawili wadogo, na mgao wa wanne ndio uliowashibisha watatu. Sisi tulikwisha kuhesabiwa asubuhi, basi mama akanikabidhi kwake.

"Leo wewe ni Riziki," Mama Riziki akaniambia, akinivalisha gauni la binti yake. "Ukiulizwa, Riziki. Basi."

Mezani alikaa mtu mwenye koti jeupe. Nilipoliona lile koti, nikajibanza nyuma ya Mama Riziki.

"Unaitwa nani?"

Nilitazama ndala za Mama Riziki, nikaziona zimebaki tupu, zina majivu. Nikataja jina langu la kweli, na la mama yangu, na namba ya nyumba yetu.

Kalamu ikapita juu ya jina la Riziki.

Mama Riziki hakunipiga. Alinishika mkono hadi nyumbani, akasema tu, "Usilie, mwanangu. Umesema kweli." Njia nzima nilimkodolea macho, nikisubiri awake.

Hakuwaka. Alikonda.

Hasira yangu si kwa Hamisi, wala kwa yule wa kalamu. Ni kwa waliopima unga hivi kwamba ili watatu washibe, sharti awepo maiti wa nne, kisha wakamtahini mtoto. Hilo nililielewa nilipoanza kupika mwenyewe.

Juzi binti yangu kaniuliza kama ni kweli waongo huchomwa moto. Nikamwambia anawe mikono, aje ale kwanza.