Nyama Iliyotoka na Udongo

Naikumbuka siku ile kwa harufu yake, mwanangu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu Tukuyu kawa mfanyabiashara, hata wasiojua kupanga fungu la nyanya. Nilikuwa nimeolewa kijiji cha Kyimo, karibu na hapo, nikitaka mume wangu aone ninavyojua kubana matumizi. Ujinga wa ujana, usinicheke.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Akatokea humo mtu na baiskeli, nyuma kafunga beseni lililofunikwa majani ya mgomba. Nyama yake ilikuwa nusu ya bei ya bucha. Nikamwuliza imechinjiwa wapi.

"Huko chini, mama," akasema, asioneshe chini wapi.

Nikanunua mafungu mawili. Tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo niliijua tangu shule, lakini beseni lilikuwa mbele yangu. Akasukuma baiskeli yake kuelekea kwa jirani yangu Tusekile.

Nilipoiosha, maji yalitoka na udongo mweusi, umeingia hadi ndani ya mikunjo ya nyama. Nikaosha mara ya pili, ya tatu, bado. Nikamtupia mbwa kipande. Akanusa, akarudi nyuma taratibu, akaenda kulala mbali. Niliogopa. Lakini nikajiambia moto hauachi kitu, nikaibandika.

Hadi mchana ukungu haukuondoka. Binti yangu Atu, wa miaka mitatu, alikuwa analia njaa. Nimemchotea kipande, nakipuliza, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya jiko. Nikachungulia. Mzee amesimama migombani, kanipa mgongo, hatikisiki. Nilimtambua kwa koti: baba mkwe wangu.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Tangu niolewe hakuwahi kunisemesha. Nikajifunika uso. Ndipo akasema, tena kwa sauti ya chini, akiuambia mgomba:

"Wewe mgomba, unasikia? Ng'ombe wa jirani yangu alikufa mwenyewe juzi, damu inamtoka puani. Tukamzika. Leo nimekuta shimo liko wazi, na alama za baiskeli zinakuja huku."

Nikakitupa kile kipande, na mimi nikaujibu mgomba, "Ndaga, tata." Asante, baba. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu, ukungu tu.

Nikafukia nyama, chungu na kila kitu. Lakini kwa Tusekile sikwenda. Niliona aibu ijulikane kwamba mimi, niliyejidai kubana matumizi, nimenunua kibudu. Niliona moshi wa jiko lake, nikanyamaza. Siku ya nne tulimzika mumewe.

Mwanangu, mzee yule mila ilimfunga mdomo, akatafuta njia ya kusema. Mimi sikufungwa na kitu.

Kwa hiyo nakuusia. Ukitaka kuokoa hela ya nyama, nunua kidogo kwenye bucha unayoijua, uone mhuri wa mkaguzi wa nyama. Chukua mifupa, utumbo, makongoro. Chemsha taratibu, tia ndizi nyingi, familia itashiba. Haba na haba hujaza kibaba. Ukipishana na nyama rahisi isiyojulikana ilikotoka, iache ipite. Na ukishajua ubaya wake, piga hodi kwa jirani siku hiyohiyo, hata kama utachekwa mwaka mzima.

Mungu akupe riziki safi. Wanaokula mezani kwako, na wa nyumba ya pili, waamke wote.